Anayelima Ni Mama, Daftarini Yupo Baba

Kuna jambo linaniumiza kila msimu wa mbolea ukikaribia, na safari hii nimeamua niliandike lote kwa urefu, maana kwenye magrupu ya WhatsApp ukiligusa tu watu wanakimbilia kubishana wanawake hivi wanaume vile, halafu hoja yenyewe inapotea. Hoja yangu ni kwamba serikali na wadau wana huduma nyingi tu kwa mkulima mdogo, kuna mbolea ya ruzuku, kuna afisa ugani, kuna ushirika, kuna mikopo, lakini karibu kila moja inaanzia kwenye daftari, na kwenye daftari kaya inaingia kwa jina moja, na kaya ikiwa na mke na mume jina hilo ni la mume. Wakati huo anayepanda ni mke, anayepalilia ni mke, anayeweka mbolea ya kukuzia ni mke, anayechuma kahawa ni mke na watoto. Msaada unafika nyumbani kabisa, unaingia mlangoni, ila unakabidhiwa mtu ambaye kesho asubuhi sio yeye atakayeinama shambani.

Naongelea Mbozi, mkoa wa Songwe, kwa sababu ndo kwetu na ndo ninakokujua. Kahawa, mahindi, maharage. Wanaume wa kwetu wanafanya kazi, nisieleweke vibaya, plau ni yao, kupogoa kahawa kwa sehemu kubwa ni yao, kubeba magunia ni yao. Lakini hesabu ya siku mtu anazokaa shambani toka mvua za Novemba mpaka mahindi yanavunwa Juni au Julai, hakuna mtu aliyekulia kijijini atakayenibishia ni nani anayekaa nyingi.

Tuanze na mbolea. Tarehe 8 Agosti 2022, kilele cha Nane Nane, sikukuu ya wakulima, pale viwanja vya John Mwakangale Mbeya, Rais Samia alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Ulikuwa msaada wa kweli, watu walikuwa wameshakata tamaa, mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulikuwa umepita shilingi 120,000 na watu walianza kupanda bila kitu chochote. Kwa ruzuku ukawa 70,000. Utaratibu ukawa unajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, unataja ekari zako na mazao yako, unatoa namba ya simu, unapata namba ya mkulima, ukienda kwa wakala unaitaja hiyo namba na anakuuzia kwa bei ya ruzuku. Ni utaratibu mzuri, unazuia mbolea kuishia kwa wajanja, siupingi.

Sasa mama yangu alienda kujiandikisha. Ana shamba lake la maharage bondeni, ni la kwake kwa maana ya kwamba yeye ndo anaamua apande nini na hela ya maharage ndo inayonunua chumvi, sabuni, daftari za watoto wa marehemu dada yangu. Mtendaji akamsikiliza vizuri tu, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Lakini mama, baba si alishakuja juzi kuandikisha kaya yenu?" Mama akasema alikuja, ila yeye ana shamba lake. "Sasa mama yangu, hilo si litaingia humo humo kwenye ekari za baba, kaya ni moja." Mama akashukuru akaondoka. Baba alikuwa ameandikisha mahindi na kahawa, maharage hakuyataja, na sidhani alifanya makusudi, yale maharage hajawahi kuyahesabu kama shamba. Na namba ya simu iliyoingia kwenye sistimu ni ya baba, ambaye mwezi mzima wa Desemba alikuwa Mbeya mjini kwenye kazi ya ujenzi, kwa hiyo meseji zote ziliingia huko. Mama akitaka mbolea inabidi ampigie, amwambie amtumie namba, baba asome tarakimu kwenye simu yenye kelele za zege nyuma, mama aandike kwenye karatasi, apande gari mpaka Vwawa kwa wakala, akose tarakimu moja, arudi. Wakati huo mahindi hayasubiri, mbolea ya kupandia inatakiwa iingie na mbegu siku ile ile.

Hapo hakuna mtu mbaya. Mtendaji alifuata alichokizoea, baba hakumficha mama kitu. Ndo maana nasema tatizo liko kwenye daftari kabla halijafika kwenye roho ya mtu.

Na hapa kuna kitu ambacho hata wataalamu wanakipita haraka sana. Ukisoma takwimu za pengo la wanawake na wanaume kwenye kilimo, mara nyingi wanalinganisha kaya inayoongozwa na mwanamke na ile inayoongozwa na mwanaume. Kwa hiyo mjane anahesabiwa, aliyeachika anahesabiwa, ila mwanamke aliyeolewa ambaye ndo wengi zaidi anamezwa ndani ya kaya ya mumewe na huduma zote za baba zinaandikwa kana kwamba na yeye amezipata. Afadhali ripoti ya mwaka 2015 ya UN Women, Benki ya Dunia na mashirika ya UNDP na UNEP, ile iliyoangalia Malawi, Tanzania na Uganda, yenyewe ilienda kwenye shamba na kuangalia nani analisimamia. Kwa Tanzania walikuta mashamba yanayosimamiwa na wanawake yana tija ndogo kwa asilimia 16, Malawi asilimia 28, Uganda asilimia 13. Wakapiga hesabu kwamba pengo likizibwa Tanzania pato la taifa lingeongezeka dola milioni 105 hivi, na watu kama 80,000 wangetoka kwenye umaskini kila mwaka. Na hilo pengo halikutokana na wanawake kutojua kulima! Kwa Tanzania sehemu kubwa kabisa ilitoka kwenye nguvu kazi, yaani mwanamke hana wanaume wa kumsaidia shambani kama mwanaume alivyo na mke na watoto, na hana hela ya kuita vibarua.

Hilo la nguvu kazi naliona kwa shangazi yangu ambaye ni mjane. Yeye jina lake kwenye daftari lipo, ni mkuu wa kaya, namba ya mkulima anayo, simu yake ya kitochi inapokea meseji. Kwa hiyo ukiangalia karatasi utasema huyu amefikiwa. Lakini hana maksai wa kuvuta plau. Kwetu mvua ya kwanza ikishika kila mwenye plau analima kwake kwanza, akimaliza anaenda kwa kaka yake, halafu kwa rafiki zake, halafu kwa wenye hela taslimu, na shangazi anafikiwa mwishoni huko, Desemba inaisha au Januari imeingia. Mahindi yaliyopandwa Januari Mbozi hata uyape DAP ya dhahabu hayatoi kama ya mwisho wa Novemba. Msimu mmoja alinunua mifuko yake ya ruzuku, ikakaa ndani imeegeshwa ukutani juu ya matofali isishike unyevu, anasubiri plau. Ukiniuliza huyu amepata huduma au hajapata sitakujibu kwa neno moja.

Haya, ugani. Aprili 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani nchi nzima, na nikiri zinaonekana, zamani bwana shamba ulimuona kwenye mkutano wa hadhara tu, siku hizi anafika mpaka vitongojini. Ila anafika kwa nani? Wengi wao ni wanaume, na mwanaume mgeni kwenda kumfundisha mke wa mtu katikati ya shamba wakati mume hayupo, hiyo kwetu inaleta maneno, afisa mwenyewe anaogopa, mama mwenyewe anaogopa. Kwa hiyo akifika anaulizia mwenye nyumba. Mwenye nyumba hayupo, basi anaacha ujumbe kwamba kuna semina Alhamisi saa 3 asubuhi ofisi ya kata. Saa 3 asubuhi mama yuko shambani, au amerudi anatafuta maji, au ana mtoto mgonjwa zahanati. Anaenda baba.

Nitoe mfano wa viwavijeshi vamizi, wale wadudu walioingia nchini mwaka 2017 wakatumaliza mahindi. Semina ilifanyika, baba akaenda, na alisikiliza kwa makini, alirudi na jina la dawa limeandikwa nyuma ya risiti. Akamwambia mama dawa ni hii, unapiga kwenye majani. Akaondoka zake na mambo mengine. Mama akajaza bomba, akapiga shamba zima majani yote, jua la saa 7 mchana, kwa bidii ile anayoijua yeye mpaka mgongo ukamchubuka na mikanda. Wadudu wakaendelea kula. Nilivyokuja nyumbani nikashika mche mmoja wa mhindi nikaufungua pale kwenye moyo, mule ndani kabisa ambako jani jipya linachomoza, kuna kinyesi chao kimejaa kama pumba za msumeno, na chini ya hicho kinyesi kiwavi kimelala kimenona, dawa hata haijamgusa. Semina ilikuwa imesema yote haya, kwamba upige wadudu wakiwa bado wadogo, upige asubuhi sana au jioni wanapotoka kula, na uelekeze bomba kwenye moyo wa mhindi. Baba alikumbuka alipoulizwa. Lakini asiyebeba bomba hashiki habari za bomba vizuri, hata ungekuwa wewe, vitu vya mikono vinakaa kwa mtu ambaye mikono yake inavifanya. Mama angeenda semina ile angeuliza maswali kumi.

Kwenye kahawa ndo panaponiuma zaidi kwa sababu ndo penye hela. Kuanzia 2018 serikali ilipoelekeza kahawa ipite kwenye ushirika, kila kitu kimekaa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kuuza ni AMCOS, pembejeo za mkopo ni AMCOS, mafunzo ni AMCOS, miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ile inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani mara nyingi habari zake utazipata AMCOS. Ushirika siuchukii, mnunuzi wa mlangoni alikuwa anatunyonya na mizani yake ya kuchezea. Ila uanachama unaenda na shamba la kahawa, na shamba la kahawa ni la baba, au la babu aliyemwachia baba. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haisemi popote kwamba mwanachama awe mwanaume au awe mkuu wa kaya. Ni mazoea tu, yamekaa mpaka yanaonekana ni sheria.

Fuatilia kilo moja ya kahawa utaona. Kuchuma mbivu moja moja, kuziacha mbichi, ni wanawake na watoto. Kupeleka mtamboni au kumenya usiku kwa mashine ya mkono, mara nyingi ni wote. Kuosha, kuanika kwenye vichanja, kugeuza geuza wiki nzima na zaidi, kukimbia kuifunika mvua ikitishia, kuchambua punje mbovu, ni wanawake. Ubora wa kahawa unaamuliwa hapo kwenye vichanja. Halafu inabebwa AMCOS, inapimwa, stakabadhi inaandikwa jina la mwanachama, na miezi kadhaa baadaye malipo yanaingia kwenye akaunti ya mwanachama. Mke hajui bei iliyopatikana mnadani mpaka aambiwe. Kuna wanaume wanakuja na stakabadhi nyumbani, wanaiweka mezani, wanapanga pamoja, baba yangu ni mmoja wao na ninajivunia hilo. Na kuna wengine msimu wa malipo huwaoni wiki mbili. Mkutano mkuu wa AMCOS wanapopitisha makato, wanapochagua bodi, wanapoamua wanunue dawa gani, yule anayegeuza kahawa kwenye kichanja hana kura kwa sababu sio mwanachama.

Mtu atasema basi wanawake wapewe mashamba yao. Kwenye sheria wameshapewa! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ile Na. 5, inasema wazi mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi sawa na mwanaume, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina watu 7 na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Lakini pembeni yake bado zipo zile kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, za urithi, ambazo mjane mwenye watoto hana fungu lake, anatunzwa na watoto, na binti anakuja nyuma kabisa ya ndugu zake wa kiume. Wajane wawili walienda Mahakama Kuu kuzipinga, hawakufanikiwa, kesi ikafika mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa ya CEDAW, ile ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania ilivunja haki zao. Shangazi yangu hajui hata moja ya hizo kesi, anachojua ni kwamba mashemeji wakija wakati wa mavuno huwa wanatembea tembea mpakani wanaangalia miti, na yeye hapandi kahawa mpya pale kwa sababu mche unamchukua miaka 2 au 3 kuanza kuzaa, na hana uhakika nani atauchuma.

Ukikosa jina kwenye ardhi unakosa na mkopo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa trilioni 1 kwa mabenki wakope kwa masharti nafuu ili wakulima wakopeshwe kwa riba isiyozidi asilimia 10, habari njema sana, ila benki inauliza dhamana na dhamana ni hati. Mke anaitwa benki siku moja tu, siku ya kusaini ridhaa kwamba nyumba iwekwe rehani. Yaani deni likigoma analibeba, mkopo wenyewe haukuwa wake.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, isiyo na riba, hiyo ndo imewasogelea wamama kweli kweli, maana haitaki hati, inataka kikundi. Ilisimamishwa 2023 utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Kikundi cha mama kiliwahi kupata na walinunua mashine ya kusaga, inafanya kazi. Lakini kwa kilimo shida ni kalenda. Hela inatoka ofisi ikimaliza taratibu zake, na mkulima wa Mbozi anaihitaji Oktoba na Novemba. Ikitoka Machi inaenda kwenye biashara, na sio kosa lao, mtu hawezi kupanda Machi kwa sababu ofisi imesaini Machi.

Sasa nini kifanyike, kwa sababu sipendi kulalamika bila kusema. Kitu cha kwanza hakina gharama kabisa, fomu ya kuandikisha wakulima iwe na mistari miwili, jina la mke na simu yake, jina la mume na simu yake, kila mmoja na mashamba anayoyasimamia. Meseji iende kwa wote wawili. Anayeogopa kwamba kaya itachukua mbolea mara mbili, ekari ni zile zile, zinagawanywa tu nani ametaja zipi.

Cha pili AMCOS ziruhusu shamba moja kubeba wanachama wawili, mke na mume, na stakabadhi iandikwe majina yote. Wapo watakaosema utavunja ndoa za watu. Ndoa inayovunjwa na mke kujua bei ya kahawa aliyoianika mwenyewe, mimi siamini kama ilikuwa imesimama.

Cha tatu ni hati. Kuna utafiti ulifanyika Dar es Salaam, Kinondoni kwenye mitaa isiyopimwa, wakawapa watu punguzo la gharama za hati, na wengine wakaambiwa punguzo utalipata ukiweka jina la mkeo pia. Karibu wote waliopewa sharti hilo waliweka, na idadi ya waliochukua hati haikushuka. Hawakuitishiwa semina ndefu za kubadilisha fikra, ilikuwa ni punguzo tu na mstari wa pili kwenye fomu. Miradi ya hati miliki za kimila vijijini ingeweza kufanya hivyo hivyo kesho.

Na ugani jamani, mafunzo yawafuate wamama waliko. Wamama wa kwetu wanakutana kwenye VICOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, kila wiki siku moja, saa ile ile, chini ya mti ule ule au kwa mwenyekiti wao, wamejaa, wamekaa, wanasikiliza. Afisa ugani akienda pale na bomba la dawa na mche mmoja wa mahindi wenye kiwavi, hahitaji kuomba ruhusa ya mwenye nyumba yoyote na hakuna atakayesema maneno. Nimeona bibi shamba mmoja akifanya hivyo, alifika wakati wanahesabu hisa, akasubiri wamalize, akatoa mhindi kwenye mfuko akaupasua moyo mbele yao, wote wakasimama kuchungulia. Maswali yaliyotoka pale, ya vipimo, ya mtoto mgongoni ukiwa unapiga dawa, ya mama mjamzito ashike bomba au asishike, sijawahi kuyasikia kwenye semina yoyote ya ofisi ya kata.

Kabla ya msimu wakulima huwa wanatakiwa kuhuisha taarifa zao kwa mtendaji. Kama wewe unasoma hii uko mjini na una mama, shangazi, dada au mkeo kijijini anayelima, mpigie. Muulize jina lako lipo, na namba ya simu iliyoandikwa pale ni ya nani, na lile shamba lako la bondeni limetajwa. Kama halipo aende na mume wake, wote wawili, asiende peke yake maana ataambiwa kaya ni moja, na mume aseme mbele ya mtendaji kwamba ekari hizi ni za mke wangu, ziandike kwa jina lake na laini yake. Baba alifanya hivyo msimu uliofuata. Mtendaji aliandika bila swali lolote, na maharage ya bondeni yakapata mbolea yake.